Achia Kidole, Bonde Liongee

Restituta, aliyerithi meza yangu, ameniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi ili vijana wa kitengo cha mawasiliano wasome. Nilimjibu kwamba wastaafu hawajui kuandika kidogo. Akasema, "Basi mama, wewe andika tu, watasoma siku wakiishiwa bando." Kwa hiyo nawaandikia ninyi mlioishiwa bando.

Vyeo sitavigusa, maana vilikuwa vichache na vilikuja vimechelewa. Mshahara nao nauacha, mnaujua wenyewe. Nitaandika habari ya swali moja tu, lile lililonifanya nilale na simu chini ya mto hadi mume wangu akatania kwamba ameoa mnara. Swali lenyewe ni hili: Yaeda Chini ikiita, nani anasikia?

Hospitali yetu iko huku juu kwenye baridi na udongo mwekundu. Yaeda Chini iko bondeni kwenye joto, na katikati yetu mvua ikinyesha hakuna barabara, kuna wazo la barabara. Mgonjwa wa bondeni akizidiwa, zahanati yao inachoweza ni kumtuliza na kuita gari. Gari lipo huku. Kila kitu kingine nilichofanya katika maisha yangu ya kazi kilihusu huo wito, ufike au usifike.

Nilianza nikiwa msichana wa Endagikot, nimemaliza kidato cha nne, nina sauti kubwa na sina woga. Nadhani sauti ndiyo iliyoniajiri. Chumba cha redio ya upepo kilikuwa nyuma ya duka la dawa, kidogo kiasi kwamba ukimpisha mtu mlangoni inabidi mmoja wenu atoke nje kabisa. Ndani kulikuwa na redio yenyewe, betri ya gari, kipaza sauti chenye waya wa kujiviringa, na Mzee Bura.

Mzee Bura alikuwa fundi. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na nafikiri ndiyo maana alikabidhiwa chombo cha kusemea. Alinionyesha kitufe cha pembeni mwa kipaza sauti: ukikibonyeza unasema, ukikiachia unasikia. Huwezi kufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Akaniachia kiti akaenda kunywa chai.

Saa mbili kamili asubuhi nilitakiwa kuita vituo kimoja kimoja. Niliita Masieda. Kimya. Niliita Yaeda Chini. Kimya. Nikaita vituo vyote vya Mbulu na vile vya upande wa Hanang, kimya kitupu, nikaanza kutoa jasho nikidhani nimeua redio siku ya kwanza. Mzee Bura alirudi na kikombe chake, akanitazama mkono. Nilikuwa nimekikamata kile kitufe kama mtu aliyeshika kamba ya dume mkali.

"Achia kidole," alisema.

Nikaachia. Chumba kizima kikajaa sauti. Masieda alikuwa akinitukana kistaarabu, Yaeda Chini alikuwa akiuliza kama kuna mwendawazimu hewani, na mwingine alikuwa akicheka tu. Wote walikuwa wananijibu tangu mwanzo, ila mimi nilikuwa nimewaziba. Kwa miaka iliyofuata, kila nilipozidisha maneno popote pale, hata kwenye kikao cha harusi, Mzee Bura alinyanyua kidole chake kimoja na kukishusha. Nilijua maana yake.

Nataka mwelewe ile redio ilivyokuwa, maana ninyi mmezaliwa na simu. Haikuwa na mwenyewe. Mimi niliita majina asubuhi kwa sababu mtu fulani lazima aanze, lakini nikiugua Masieda alianza yeye, na hakuna kilichoharibika. Kila aliyesema alisikiwa na wote. Hilo lilikuwa na shida zake. Daktari wetu mmoja aliagiza maini ya mbuzi kupitia redio, na mpaka anahamishwa wilaya nzima ilikuwa inamuuliza kama maini yalifika. Lakini faida ilikuwa kubwa kuliko aibu. Siku ambazo milima ilitukatalia, Yaeda Chini alikuwa hatusikii wala hatumsikii, Masieda alitusikia wote wawili. Basi alikuwa anapokea huku anapitisha kule: "Yaeda anasema ana mama, uchungu siku ya pili, anaomba gari, ova." Hakuambiwa na mtu afanye hivyo. Ulikuwa utaratibu wa hewani, kama vile ukikuta ng'ombe wa jirani amepotea unavyomfunga kwako hadi mwenyewe aje.

Kisha minara ya simu ikaota. Sisi sote tulifurahi, na msiamini mstaafu anayewaambia alilia. Redio zilikusanywa zikawekwa stoo. Mzee Bura alizipangusa moja moja kwa kitambaa kabla ya kuzipandisha rafuni, akastaafu mwaka huohuo. Mimi nikapewa simu ya ofisi, kwanza ile ya kitochi, baadaye simu janja, na jina nililopewa hewani, Mama Redio, likabaki vilevile ingawa redio sikuwa nayo tena.

Simu janja ilileta kundi. Nililianzisha mwenyewe kwenye ule mtandao mkubwa ambao kila mtu yumo, nikiingiza wauguzi wa zahanati zote, madereva, na wenyeviti wa vijiji. Wenyeviti wakataka wake zao waingie, wake zao wakataka dada zao, na kabla sijageuka kundi lilikuwa na watu kutoka Endagikot hadi tambarare za Hanang chini ya mlima. Humo tuliomba gari, tuliulizana nani ana dawa ya nyoka, tulitangaza misiba, maharusi, mbegu za maharage na ndama waliopotea. Umoja ni nguvu, nilikuwa nasema. Msimamizi, au admini kama mnavyosema, nilikuwa mimi peke yangu. Nilijisikia vizuri, siwezi kuficha. Kila mtu alipita kwangu.

Restituta alikuja kazini katika miaka hiyo, msichana mwembamba wa Dongobesh aliyesomea kompyuta, mwenye tabia ya kuuliza jambo ambalo hukutaka kuulizwa. Wiki yake ya kwanza aliniuliza, "Mama, hili kundi lipo wapi?"

"Lipo kwenye simu," nikamwambia.

"Simu yako inaliona tu. Lenyewe lipo wapi?"

Nikamwambia akaangalie printa ya mapokezi.

Alinieleza pia, mara nyingi kuliko nilivyomwomba, kwamba huko duniani kuna watu wamechoka na mitandao mikubwa na wanarudi kwenye midogo waliyoizoea zamani: kila jamii na mtambo wake na kanuni zake, na mitambo yenyewe inasalimiana na kupelekeana habari bila kuwa na mkubwa. Alisema programu zake ni za bure, mtu yeyote anaweza kuzipakia. Nilimsikiliza kama unavyomsikiliza mtoto anayekueleza ndoto yake. Nilikuwa na kundi lenye watu mia kadhaa, mimi midogo ya nini?

Sasa nifike kwenye picha iliyotuponza.

Kule Yaeda Chini kulikuwa na kijana mfugaji wa Kidatoga aitwaye Gidahoda. Mke wake alijifungua salama mtoto wa kiume, wa kwanza, baada ya mimba mbili kuharibika. Gidahoda alifurahi hadi akakosa maneno, akatuma picha kundini. Ilimwonyesha yeye na kaka yake wamemshika ng'ombe, mshipa wa shingo umetobolewa kwa mshale, damu inaruka kwa uzuri kabisa ndani ya kibuyu. Kila mtu wa huku alielewa: mzazi anapata damu na maziwa arudishe nguvu. Watu walimpongeza. Hata wamama wa kanisa wa Endagikot, ambao damu ya kunywa hawaitaki hata kwa kuisikia, walituma mikono ya kuomba. Ng'ombe mwenyewe baada ya hapo huzibwa kidonda akaenda zake kula majani.

Huko kwenye kampuni, sijui nchi gani, hakuna aliyejua kuna mtoto. Mashine yao iliona mshale, shingo na damu. Asubuhi iliyofuata kundi halikuwepo, na namba yangu niliyolianzishia ilifungiwa isitumie mtandao wao tena.

Nilidhani ni simu. Nikaizima, nikaiwasha, nikaipigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Restituta akaniandikia barua ya rufaa kwa kampuni, tukaambatanisha maelezo marefu kuhusu uzazi na desturi. Jibu lilikuja haraka, nikafurahi, kumbe ni haraka ya mashine. Lilisema kwa Kiswahili safi mno kwamba wamepitia upya na uamuzi unabaki palepale. Tukaandika tena. Likaja jibu lilelile, nukta kwa nukta. Nilikasirika kiasi cha kutamani nimwone mtu mmoja tu wa hiyo kampuni nimkaripie, lakini hapakuwa na mtu. Tulipoanza kuwatafuta watu wetu upya, tukagundua kwamba namba zao nyingi hatukuwa nazo kabisa. Zilikuwa kundini. Nani anaandika namba ya mtu anayemwona kila siku?

Tulikuwa bado tunakusanya namba pale mke wa Gidahoda aliposhikwa na homa ya uzazi.

Mganga wa zahanati ya Yaeda Chini ni Samweli, ambaye wote humwita daktari. Mtandao wa kule unapatikana ukipanda mwamba fulani nyuma ya zahanati, na kwa siku kadhaa mvua ilikuwa imeukata hata huko. Samweli hakujua kwamba kundi limefungwa. Alipanda mwamba, akaandika kama alivyozoea kwamba ana mzazi mwenye homa kali na anatoka damu, anaomba gari haraka. Ujumbe ukaweka ile alama ya saa, maana yake unasubiri. Akaona ni kawaida ya mvua, utakwenda wenyewe. Akashuka kumhudumia mgonjwa kwa dawa alizokuwa nazo, masikio yakiwa barabarani. Gari halikuja. Jioni gari halikuja.

Kesho yake alfajiri alipanda tena, akakuta mtandao umerudi lakini ile saa bado ipo. Akajaribu kupiga simu, akagundua namba ya dereva ilibadilika, na yangu ya kawaida hakuwahi kuihifadhi kwa sababu nilikuwa kundini. Namba moja tu aliijua kwa kichwa, ya shangazi yake wa Masieda. Shangazi akaacha chungu jikoni, akaenda kwa miguu hadi zahanati ya Masieda, na nesi wa pale akanipigia mimi. Niliposikia sauti ikisema "Mama Redio, Yaeda anasema ana mama," nilikimbia kumwita dereva. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo kutoka Masieda nikiwa na miaka ishirini.

Gari lilikwenda likisukumwa nusu ya njia. Yule mama aliletwa akiwa hajitambui, akaongezwa damu, safari hii kwa sindano, akapona. Daktari wetu alisema angechelewa kidogo tu wangeshusha maiti. Gidahoda alikaa nje ya wodi akimpakata mtoto ndani ya shuka lake jeusi. Aliponiona alisimama.

"Mama, wanasema picha yangu ndiyo imefunga njia," alisema. "Ni kweli?"

"Si wewe," nikamwambia.

"Sasa ni nani?"

Nikamfunika mtoto miguu. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili kustaafu na kwa mara ya kwanza niliogopa kazi yangu. Kama wito wa bonde zima unaweza kuzimwa na mashine isiyojua hata bonde liko wapi, basi tulikuwa tunaishi kwa bahati.

Nilichukua likizo fupi, nikashuka Hanang kuwaona ng'ombe wangu. Kwa wasomaji wa mbali niseme kwamba kwetu mtu mwenye akili halazi mifugo yake yote nyumbani. Mmoja anamweka kwa rafiki, wawili kwa shemeji, mwingine kwa mtu wa tambarare. Rafiki anakamua maziwa, wewe unabaki na ng'ombe, na ugonjwa au ukame ukipiga upande mmoja, upande mwingine unakusalimisha. Baba yangu alifanya hivyo, nami nina mitamba wangu kwa Udameng'i, mama wa Kidatoga tuliyefahamiana wodini zamani sana, ambaye baba mkwe wake alikuwa na urafiki wa ng'ombe na baba yangu. Udameng'i ananizidi umri kidogo na ananitania kama shemeji.

Alinipokea kwa maziwa, akanitazama. "Umekonda. Huko juu mmeanza kula mawe?"

Nikamweleza yote: kundi, picha, mashine, mgonjwa. Alisikiliza huku akimpiga ndama aliyekuwa akilamba gauni langu.

"Huyo mwenye kundi," aliuliza, "kwao ni wapi?"

"Sijui. Ng'ambo."

"Mama yake unamjua?"

"Udameng'i, ni kampuni. Haina mama."

"Watu wote wa Mbulu na wa kwetu umewaweka boma moja, kwa mtu usiyejua kwao." Alicheka hadi akashika mbavu. "Mimi ng'ombe wako hawa, kabla ya kuwaleta, baba yako alikuja hapa mara ngapi? Alikunywa pombe ya asali na baba mkwe mpaka wakalala. Wewe umekunywa nini na hao?"

Nilicheka naye, lakini nilipokuwa narudi sikucheka. Nilipofika ofisini nilimwita Restituta kabla ya kuvua koti, nikamwambia anieleze tena ile ndoto yake, na safari hii polepole.

Ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Kila kijiji kinapata kisanduku chake, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, na paneli ya sola na antena. Watu wa kijiji wanaingia kwa simu zao bila bando, wanaandikiana humo, na kisanduku kinabaki chao. Visanduku vyenyewe vinaongea kwa antena kutoka kilima hadi kilima. Intaneti ikiwepo vinatoka nje na kuongea na dunia, ikikatika vinaendelea kuongea vyenyewe.

"Na kimoja kikifa, maneno yaliyokuwa ndani?" nikamuuliza.

"Inabidi nakala ikae mahali pengine. Wengi wanaweka kwenye mtambo mmoja mkubwa mjini."

"Hapana," nikasema. "Kila kijiji kilaze nakala yake kwa rafiki wawili. Masieda kwa Yaeda Chini na kwa Endagikot. Yaeda kwa Masieda na kwa watu wa Hanang. Na wachague wenyewe rafiki zao, wasipangiwe."

Restituta alichukua kalamu. Kisha akaanza kuchora mishale kwenye karatasi, akajaza karatasi nzima.

Kulikuwa na kikao kuhusu vibali, na kulikuwa na kikao kuhusu kikao. Sitawachosha. Nitasema tu kwamba kwenye kikao kikubwa mheshimiwa mmoja aliuliza nani atakuwa admini mkuu wa vijiji vyote, na Restituta akajibu, "Hakuna, mzee." Watu wazima walianza kukohoa. Mheshimiwa akauliza tena akidhani hakusikika. Nikanyanyuka nikasema kwamba na ng'ombe wetu hawana admini mkuu, na hawajawahi kupotea wote siku moja. Hapo wazee wa nyuma wakapiga makofi na jambo likapita.

Kazi ya kufunga ilikuwa na vituko vyake. Kisanduku cha Yaeda Chini kilikufa mara mbili, tukafungua tukakuta sisimizi wamehamia na mayai yao yote. Dawa yake ni kupaka grisi kwenye waya unaoingilia, andikeni hilo. Masieda tulikifunga stoo karibu na friji ya chanjo kwa sababu nesi hawezi kusahau kuitazama friji. Paneli isiwekwe chini, mbuzi wanaipanda. Na kila kisanduku kiwe na watu watatu wanaojua neno la siri, mmoja wao awe mwanamke asiyesafiri ovyo.

Kilichonifurahisha zaidi ni kanuni. Zamani kanuni zilikuwa moja na zilitoka kwa mtu nisiyemjua. Sasa kila kijiji kilikaa kikatunga zake. Endagikot waliamua kwao hakuna picha za damu wala matangazo ya pombe, na anayetangaza nguruwe aliyepotea aseme rangi. Yaeda Chini waliamua picha za damu ruksa, bali kutukana mzee ni kutolewa mwezi mzima na kuomba radhi kwa asali. Picha ya Yaeda Chini haivuki kwenda Endagikot, ila wito wa mgonjwa unavuka kote, bila kuuliza. Gidahoda alikuwa wa kwanza kuweka picha kwenye kisanduku cha kwao, ileile ya ng'ombe na kibuyu. Aliandika chini yake jina la mtoto. Haikufutwa na mtu.

Nilistaafu kukiwa na mvua. Nilipewa kitenge, hotuba, na saa ya ukutani, yaani nilipoacha kuhitaji saa ndipo nikapewa. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, nikawaambia kwenye hotuba yangu, niliyoifupisha kwa kumkumbuka Mzee Bura, ambaye sasa amelala kaburini kwake na bila shaka alikuwa amenyanyua kidole. Nikarudi Endagikot kwenye maharage yangu.

Lakini kuondoka ofisini si sawa na kuondoka. Simu ilibaki chini ya mto. Niliamka nikaitazama. Kila mawingu yalipojikusanya upande wa bonde nilijiuliza lile swali langu, na sikuamini hata kidogo kwamba lina jibu bila mimi.

Basi asubuhi moja, baada ya radi nzito, nilikwenda kukitazama kisanduku cha kijiji chetu pale ofisi ya kata nikakuta taa haiwaki. Radi ilikuwa imekipiga. Wito wa bondeni ulizoea kupita hapo kuja hospitali. Nikampigia Restituta, simu inaita haipokelewi. Nikapiga tena na tena. Nikaona yule mama akiletwa hajitambui, nikaona ile alama ya saa. Nilitoka na mabuti ya shamba, jembe begani, nikaenda barabarani kutafuta pikipiki inipeleke mjini.

Kabla sijapata pikipiki, gari la hospitali lilitokea likiwa limepakwa matope hadi kwenye vioo. Dereva alinitambua akasimama. Nyuma alikuwa amekaa Samweli, ameshika juu chupa ya maji ya mshipa, na chini yake amelala mzee mmoja aliyevimba mguu wote kwa sumu ya nyoka. Mzee alikuwa macho, anamlalamikia dereva kuhusu mashimo.

"Shikamoo mama," alisema Samweli.

"Marahaba. Mmefikaje? Kisanduku chetu kimekufa!"

"Kumbe? Sisi tuliita, gari likaja."

"Umepitia wapi huo wito?"

Dereva akajibu kwa niaba yake. "Masieda walipokea, wakapitisha upande wa pili. Muda mfupi nikawa njiani. Na dawa ya nyoka walisema ipo Masieda, nikaichukua nikishuka. Restituta yuko mlimani anabadilisha antena, simu ameiacha ofisini."

"Nani aliwaambia Masieda wapitishe?"

"Hakuna aliyewaambia, mama. Ndivyo kisanduku kinavyofanya."

Nilitazama mguu wa yule mzee, nikamtazama Samweli. "Na mimi mbona hamkunipigia?"

Samweli alifikiri, kijana mwaminifu, hakutaka kunidanganya. Akainamisha kichwa.

"Samahani mama. Hatukukumbuka."

Yule mzee aliguna kwamba mazungumzo yaishe, mguu ni wake. Gari likaondoka. Nilibaki pale barabarani na jembe langu, na machozi yalinitoka, si ya uchungu. Bonde lilikuwa limeita, limesikiwa, na jina langu halikutajwa popote. Nikaona bado nimeikamata simu mkononi, nimeibana hadi ukucha umekuwa mweupe, kama msichana wa siku ya kwanza.

Nikaachia kidole, nikaiweka simu mfukoni, nikarudi kupalilia.